Kwa Kilo au kwa Siku

Mama yangu alichambua kahawa miaka kumi na tisa,
kinuni, hapa Moshi, benchi la tatu kutoka dirishani.
Punje nzima huku, iliyovunjika kule,
iliyotobolewa na mdudu kwenye kopo la mafuta ya kupikia.
Hakuinywa hata siku moja.
Kwetu kahawa ilikuwa ada ya shule.

Nami nikaenda Dar kusomea kuchora.
Shahada ya kwanza nilichora.
Ya pili, mwezi wa nne, Dakta Kagaruki
alisimama nyuma ya picha yangu
hadi chai yake ikaisha kikombeni.
"Jicho unalo," akasema. "Mkono, sijui."
Akanikabidhi ufunguo wa stoo.

Nililia, siwafichi.
Nililia chooni, na maji yamekatika.

Mle stoo picha zimeegemeana
kama wagonjwa kwenye foleni ya zahanati.
Mchwa kala jina la mchoraji, kaacha mwaka.
Nikajifunza kubeba fremu kwa mikono miwili,
kunusa unyevu kabla haujaonekana,
kuandika kadi: nani, lini, imetoka kwa nani,
na pale nisipojua, kuandika kwamba sijui.
Hilo la mwisho lilinichukua muhula mzima.

Tasnifu yangu ilikuwa juu ya mabango ya vinyozi.
Siku ya kuitetea, mmoja wao akavua miwani:
"Nani alikwambia hii ni sanaa?"
Nikasema: "Wanaokaa kitini
wakiitazama huku wembe uko shingoni."
Wakacheka. Wakanipitisha.

Nikarudi Moshi na cheti ndani ya bahasha ya kaki.
Benki, kwenye fomu, kisanduku cha kazi:
nikaandika *mtunzaji wa maonyesho*.
Karani akasoma *mtunzi*. "Unatunga nyimbo?"
Herufi mbili tu katikati ya jina,
na mkopo ukapotelea humo.

Basi ghala la zamani nyuma ya stesheni,
kodi ya miezi mitatu kwa mdomo,
misumari ya inchi mbili, chokaa, umeme wa Luku
unaolia usiku kama kifaranga.
Fundi Lyatuu wa Pasua akaniazima bango lake:
vichwa vinane, hakuna kinachotabasamu.
Namsifu akashuka kutoka Usangi na chungu,
kimepasuka njiani, akataka kurudi nacho.
Nikamwomba kibaki na ufa wake.
Nasikiwa akaleta picha za mikono tu,
mikono ya wanawake, bila nyuso.

Chungu nilikihamisha mara tano.
Karibu na bango, kilionekana kinauzwa.
Karibu na mlango, kilionekana kimesahauliwa.
Saa nane usiku nikakiweka mbele ya ile mikono,
hatua nne, nikarudi nyuma,
na kitu fulani kikanyamaza ghalani.
Kile kimya ndicho nilichokisomea.
Sijui namna nyingine ya kukueleza.

Jumamosi Mama akaja na kitenge cha kanisani.
Akasoma kadi zote, kidole chini ya kila neno.
"Yako ni ipi?"
"Hakuna, Mama."
Akatazama ukuta, akanitazama,
kama mtu aliyehesabiwa chenji pungufu.

Akafika kwenye picha za mikono. Akakawia.
Akainua wake, akaulinganisha, akaushusha.
Kisha akainama, magoti yakalia,
akachokonoa kwa ukucha mwanya wa sakafu,
akatoka na punje moja ya kahawa,
nyeusi, kongwe kuliko mimi.
Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha,
upande huu, upande huu.

"Hii ingekwenda kule," akasema,
akiielekeza kwa kidevu sehemu ambayo haipo tena.
Akaitia kwenye pindo la kitenge.

"Sasa na wewe, wanakulipa kwa kilo
au kwa siku?"

"Kwa siku, Mama.
Zikiwepo."